Usalama wa Mgonjwa wa Upasuaji Huanza Kabla ya Nusu Kaputi

Wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama wanapoelekezwa kufanyiwa upasuaji, swali lao la kwanza huwa ni nani atakayewapasua. Ni wachache wanaouliza ni nani atakayewapa dawa ya usingizi na nani atakayewaangalia hadi wazinduke. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonesha kuwa swali hili la pili nalo lina uzito mkubwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Takribani wawili kati ya kila mia walifariki, kiwango ambacho ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa hao walikuwa na umri mdogo na hatari ndogo zaidi. Zaidi ya vifo tisa kati ya kumi vilitokea baada ya upasuaji, wakati ambapo familia nyingi hudhani hatari imekwisha.

Kwa upande wa wajawazito, uchambuzi wa mwaka 2016 kuhusu nchi za kipato cha chini na cha kati ulibaini kuwa takribani kifo kimoja kati ya saba vinavyofuatia upasuaji wa kujifungua kilihusishwa na huduma ya usingizi. Hatari ilikuwa mara tatu zaidi kwa waliopewa nusu kaputi kuliko waliochomwa ganzi ya mgongoni. Sababu mojawapo ni kwamba chakula hukaa muda mrefu tumboni mwa mama mwenye uchungu, na akilazwa usingizi kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Hata hivyo, nusu kaputi isihukumiwe haraka: mama anayevuja damu nyingi huenda asistahimili ganzi ya mgongoni, na mara nyingi wanaolazwa usingizi ndio waliokuwa na hali mbaya tangu mwanzo.

Tanzania ina mchango wake katika kutafuta suluhisho. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Mtakatifu Francis, Ifakara. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionesha vifo kushuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kipengele kimojawapo huhakikisha kuwa kifaa cha kupima oksijeni kimebanwa kidoleni na kinafanya kazi kabla mgonjwa hajalala, kwa kuwa hutoa ishara mapema kuliko macho ya binadamu. Baadaye, mradi wa Safe Surgery 2020 ulihimiza matumizi ya orodha hiyo katika Kanda ya Ziwa, ukiwamo Mkoa wa Mara.

Changamoto kubwa ni watu. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa usingizi linapendekeza angalau madaktari bingwa watano kwa kila watu 100,000, nasi tuko mbali na kiwango hicho. Kazi kubwa hufanywa na wauguzi na matabibu waliopata mafunzo ya usingizi, na rufaa kutoka Musoma hadi Bugando, Mwanza, ni safari ya zaidi ya kilomita 200.

Mgonjwa naye ana wajibu. Kwa upasuaji uliopangwa, mtu mzima huacha chakula chepesi saa sita kabla, mlo mzito kama ugali na samaki mapema zaidi, na maji matupu saa mbili kabla, isipokuwa ameelekezwa vinginevyo. Ndugu anayempa uji kwa huruma humweka hatarini. Aidha, mgonjwa aeleze dawa anazotumia, mitishamba ikiwamo, meno yanayolegea, na iwapo yeye au ndugu yake aliwahi kupata shida kwa dawa ya usingizi. Wodini, akikoroma isivyo kawaida au asipoamka anapoitwa, muuguzi aitwe papo hapo.

Upasuaji wa dharura hausubiri tumbo liwe tupu, lakini mtaalamu akielezwa ukweli kuhusu saa ya mlo wa mwisho, hubadili namna ya kumlaza mgonjwa na kulinda njia yake ya hewa.