Manukuu ya Kiswahili katika Video za Simulizi: Mfano wa Kaloleni, Voi

Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna ya kuambatisha manukuu, yaani maandishi yaonekanayo chini ya picha sambamba na sauti, kwenye video ya kidijitali. Tuchukue mfano wa Kaloleni, mjini Voi. Mzee akisimulia kwa Kidawida jinsi maji ya mfereji yalivyogawanywa milimani, mjukuu aliyelelewa kwa Kiswahili huenda asiyafuate yote, naye jirani kiziwi hasikii neno. Manukuu huwahudumia wote wawili bila kuifunika sauti ya mzee.

Umbo la faili

Manukuu huandikwa katika faili la matini tupu ambalo jina lake huishia kwa .srt. Kila kipande huwa na namba, muda wa kuanza na wa kuisha, kisha maneno, na hufuatwa na mstari mtupu:

1
00:00:12,400 --> 00:00:16,000
Zamani maji ya mlimani
yaligawanywa kwa zamu.

Muda husomwa kwa saa, dakika, sekunde na sehemu za elfu za sekunde. Kabla ya elfu hizo huwekwa mkato, si nukta. Faili lipewe jina lile lile la video (simulizi.mp4 na simulizi.srt), liwekwe katika folda moja nayo, na lihifadhiwe kwa usimbaji wa UTF-8, la sivyo, ritifaa ya ng'ombe yaweza kugeuka alama zisizosomeka. Programu ya VLC italifungua yenyewe. Maneno yakitangulia au yakichelewa kwa kiasi kimoja tangu mwanzo, vibonye vya G na H huyasogeza. Pengo likikua kadiri video inavyoendelea, sharti nyakati zenyewe zirekebishwe.

Lugha ya manukuu

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika zaidi ya fundi. Desturi ni mistari miwili, kila mmoja usiozidi herufi 42 hivi. Neno letu hubeba sentensi nzima: "hawatakuambia" lina kiima, wakati, yambwa na ukanushi. Msomaji hulihitaji kwa muda wa kutosha. Aidha, mstari usivunjwe kati ya nomino na vivumishi vyake. "Wazee wale watatu" wakae pamoja. Marudio ya mazungumzo yaweza kupunguzwa, lakini methali, majina ya mahali na istilahi za jadi zisipotezwe, kwani ndizo kiini cha simulizi.

Hitimisho

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliviagiza vituo vya televisheni nchini Kenya kuweka lugha ya ishara au manukuu katika habari na vipindi vya elimu. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 nayo inaitaka Dola ikuze lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na mawasiliano yanayowafikia walemavu. Kazi hiyo yahitaji tarakilishi moja, sikio makini na Kiswahili sanifu. Wazee hawatungoji, tuanze na simulizi zilizo karibu nasi.