Mmanwu: Vinyago vya Wahenga na Haki katika Jamii ya Waigbo

Kabla ya utawala wa Waingereza, Waigbo wengi wa kusini-mashariki mwa Nigeria hawakuwa na mfalme. Ukiacha miji michache kama Onitsha na Nri, vijiji vilijiendesha kwa mabaraza ya wazee wa koo, wenye vyeo vya ozo na marika ya vijana. Polisi na magereza hayakuwapo. Sehemu ya kazi yao ilifanywa na mmanwu, mizimu ya wahenga inayoaminiwa kurudi kwa walio hai ikiwa imevaa vinyago.

Mwenye kinyago hufunikwa mwili wote kwa nguo, makuti au nyuzi za mimea, na sauti yake hubadilishwa isitambulike. Siri hiyo hutunzwa na wanaume waliopitia ibada ya kuingizwa katika chama cha vinyago. Kumfichua aliyevaa ni kosa kubwa.

Siri hiyo ndiyo iliyoipa hukumu nguvu. Katika kijiji ambacho karibu kila mtu ni ndugu au jirani, mzee aliyemtoza jamaa yake faini angeweza kujenga uadui wa miaka. Hukumu iliyotoka kwa wahenga haikuwa na mtu wa kulipiziwa kisasi. Aghalabu wazee walikwisha kusikiliza kesi na kukubaliana. Vinyago vilitangaza uamuzi, vikadai faini, au vikachukua mbuzi na kuku wa mkaidi. Vinyago vya usiku viliimba hadharani aibu za wezi na wachawi.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuiona mahakama hiyo katika *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya riwaya ya Chinua Achebe ya 1958. Humo egwugwu tisa, yaani vinyago vya wahenga, wanaamua ugomvi wa mume aliyempiga mkewe, nao wanamwamuru aende na pombe kwa wakwe akaombe mkewe arudi.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro. Kwa kawaida wanawake hawakuwa na nafasi ndani ya chama, na kinyago kingeweza kuficha chuki binafsi ya aliyekivaa.

Wakoloni waliweka mahakama zao na machifu wa kuteuliwa, na wamisionari wakawakataza waumini kushiriki. Leo kesi za jinai ni za mahakama za dola, na mmanwu huonekana zaidi kwenye mazishi, sikukuu na matamasha. Mwenye kinyago anayempiga mtu au kumnyang'anya mali anaweza kushtakiwa kama raia mwingine yeyote.