Taa wa maji baridi: upatanisho, maana na hatari ya tafsiri

Taa ni neno la maana mbili zilizo mbali: chombo cha kuangazia, na samaki bapa mwenye mkia mrefu wenye mwiba wa sumu. Upatanisho ndio unaozitenga. Taa imezimika, taa hizi zinawaka. Lakini taa amejifukia mchangani, taa hawa wamenaswa.

Huko Wingwi, Wilaya ya Micheweni, Pemba, taa anayefahamika ni wa baharini. Taa wa mitoni, wa jamii ya Potamotrygon, asili yao ni Amerika ya Kusini, nao husafirishwa wakiwa hai kwa ajili ya mahodhi ya maonyesho. Mfasiri wa maelezo ya safari hiyo huandika, na si kosa, “taa wa maji baridi”. Katika lugha ya uvuvi na elimu ya viumbe, maji baridi ni yale ya mito na maziwa, kinyume cha maji ya chumvi. Msomaji wa kawaida, hata hivyo, huelewa maji yasiyo na joto. Samaki hawa huhitaji maji ya takriban nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi. Anayewatilia barafu kwa kufuata jina atawaua. Katika maelekezo ya kazi ni salama zaidi kuandika maji matamu, msemo ambao watu wa pwani wanautumia kila siku wanapotaja kisima kisicho na chumvi, na kiwango cha joto kitajwe kwa tarakimu.

Mwiba nao una utata wake. “Mwiba wa samaki” kwa kawaida ni mfupa unaokwama kooni, ilhali taa hana mfupa hata mmoja. Mwili wake ni gegedu. Basi iandikwe mwiba wa mkiani. Mwiba huo una meno kama ya msumeno, hunasa katika wavu na hutoboa mfuko. Ndiyo maana taa huongozwa aingie katika beseni ndani ya maji, bila kuinuliwa kwa mikono wala kwa mkia, na mwiba huvishwa kipande cha mrija wa plastiki. Kabla ya safari huachwa bila chakula siku moja au mbili ili asichafue maji, kisha hufungwa katika mifuko kadhaa iliyovikana, yenye maji na hewa ya oksijeni.

Kuhusu kitenzi, taa huchoma, hang'ati. Kiungo kilichochomwa hutiwa katika maji ya moto yanayostahimilika, yasiyozidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa kuwa joto huidhoofisha sumu. Kisha aliyechomwa hupelekwa hospitali. Mwiba uliozama kifuani au tumboni hauchomolewi ila na daktari.