Wifi ikikataa kwenye Linux, usifute diski

Wengi wetu tunatumia Linux kwa sababu kompyuta zetu ni za mtumba na mfumo huu haulipiwi. Wifi ikikataa, shauri tunalopewa haraka ni kufuta diski na kusakinisha mfumo upya. Shauri hilo lina hatari. Kwenye diski hiyo kuna rekodi za Kisanga au za Kihemba, na huenda mzee aliyesimulia hayupo tena. Isitoshe, mara nyingi kufuta hakutibu kitu.

Afadhali tuchunguze ngazi kwa ngazi, kama tunavyochambua lugha kuanzia sauti hadi sentensi.

Ngazi ya kwanza ni redio. Fungua terminali, andika rfkill list. Ukisoma “Soft blocked: yes”, wifi imezimwa na programu, amri sudo rfkill unblock wifi itaifungua. Ukisoma “Hard blocked: yes”, tafuta swichi au kitufe kwenye kompyuta yenyewe.

Ngazi ya pili ni kadi. Amri lspci -k huonyesha kadi na draiva inayoiendesha. Kwa kadi ya nje ya USB, lsusb huonyesha kama imetambuliwa. Draiva ikiwepo na wifi bado haionekani, andika sudo dmesg | grep -i firmware. Kadi nyingi, zikiwemo za Broadcom, hudai faimuwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi. Kabla ya toleo la 12 la mwaka 2023, diski rasmi za kusakinisha Debian hazikubeba faimuwea zisizo huru. Ndiyo maana kusakinisha upya toleo la zamani kunaweza kurudisha ugonjwa uleule. Dawa ni kuunganisha simu kwa kebo ya USB, kuiruhusu igawe intaneti, kisha kupakua faimuwea inayotajwa.

Ngazi ya tatu ni njia. Wifi imeshika, lakini kurasa hazifunguki. Andika ip route. Namba inayofuata “default via” kwa kawaida ni ya ruta. Ijaribu kwa ping -c 4 na namba hiyo. Ikijibu, jaribu ping -c 4 1.1.1.1, kisha ping -c 4 debian.org. Ruta ikijibu peke yake, huenda kasoro iko nje ya kompyuta: labda mega zimeisha. Namba zikijibu na jina likakataa, tatizo ni DNS, ile kamusi inayogeuza majina kuwa namba. Yote yakijibu, tazama tarehe. Betri ndogo ya ndani ikifa, saa hurudi nyuma miaka, na tovuti salama hukataa kufunguka.

Andika kila amri na jibu lake kwenye daftari. Anayekusaidia hawezi kufanya lolote na neno “haitembei”. Anahitaji maneno halisi ya kompyuta, kama sisi tunavyohitaji maneno halisi ya msemaji. Na hata ikibidi diski ifutwe, nakili rekodi kwanza.