Picha Asili Sandukuni, Nakala Ukutani

Katika nyumba nyingi za Mombasa, Tanga na Unguja, picha inayoheshimiwa kuliko zote ndiyo inayowekwa mahali pabaya kuliko pote. Ni ile ya babu na bibi siku ya harusi yao, iliyotiwa fremu na kutundikwa sebuleni mkabala na dirisha. Jua huipiga kila siku. Unyevu wa bahari huingia nyuma ya fremu, moshi wa udi huitanda, na kwa kuwa imebanwa moja kwa moja kwenye kioo, hunata kidogo kidogo. Siku ya kuitoa, uso wa bwana harusi hubaki kwenye kioo. Wakati huohuo picha ndogo zilizosahaulika ndani ya bahasha kabatini hutoka zikiwa nzima.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba picha asili iingie sandukuni na ukutani itundikwe nakala. Maduka mengi ya picha mjini yana skana, na nakala iliyochapishwa vizuri hupendeza vilevile. Ikififia, itachapishwa nyingine. Ile ya asili ikififia, basi tena.

Wengi wakianza kazi hii hukimbilia picha nyeusi na nyeupe kwa sababu ya ukongwe wake. Nawashauri waanze na za rangi. Picha nyeusi na nyeupe za studio za zamani, kama Capital Art Studio aliyoianzisha Ranchhod Oza Unguja mwaka 1930, au studio ya Parekh ya Mombasa iliyovuma tangu miaka ya 1940, zimejengwa kwa chembe za fedha. Zikiwa zilioshwa vyema na kuwekwa pakavu, hudumu miaka mingi sana. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zimetengenezwa kwa rangi za kemikali ambazo hupauka hata gizani. Nyingi zimekwisha kuwa nyekundunyekundu, na kila mwaka zinapoteza kitu kingine.

Zaidi ya hayo, nyingi zimefungwa katika zile albamu za kunata zilizopendwa sana wakati huo, zenye kurasa za mistari ya gundi na plastiki ya kufunika juu. Gundi ile huwa ya manjano na kula karatasi. Kabla ya kubandua chochote, piga picha kila ukurasa kama ulivyo, maana mpangilio wa aliyeitengeneza albamu nao una habari zake: nani alikaa karibu na nani, safari ipi ilitangulia ipi. Kisha pitisha uzi mwembamba nyuma ya picha, polepole, kutoka pembe moja hadi nyingine. Ikikataa, iache. Usiivute wala usiipashe moto.

Baada ya hapo, geuza picha. Mgongoni mara nyingi kuna muhuri wa studio, na muhuri unakupa mji, pengine hata mwaka. Kuna maneno ya mtu aliyempelekea nduguye picha ile kwa ukumbusho. Lakini majina ya waliomo hayapo, kwa sababu wakati ule kila mtu aliwajua. Hapa ndipo wazee wanapohitajika, na wanahitajika sasa. Nenda na picha chache tu kwa siku, mzee asichoke. Washa simu irekodi sauti, kwa idhini yake.

“Shikamoo bibi. Huyu aliyesimama nyuma ni nani?”

“Marahaba. Huyo wifi yangu. Na huyo mtoto aliyembeba ndiye baba yako mdogo.”

Usimbane kwa tarehe. Wazee wengi huhesabu kwa matukio, na akikwambia picha ilipigwa kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar, tayari unajua ni kabla ya Januari 1964. Andika jina la mtu na la baba yake, mahali, na mwaka wa kukisia, kwa penseli laini, mkono ukiwa mwepesi, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino huacha alama hadi upande wa pili. Picha za karatasi yenye utando wa plastiki hazishiki penseli, hivyo maelezo yake yaandikwe kwenye bahasha kabla ya kuitia picha ndani.

Sanduku lenyewe si lazima liwe la gharama. La karatasi ngumu na safi linatosha, likiwa na bahasha za karatasi au za plastiki ya poliesta au polipropilini. Plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali, hutoa asidi. Mipira ya kufungia na pini za chuma zikae mbali. Mahali pake ni rafu ya kabati kwenye ukuta wa ndani, si sakafuni wala darini, kwa kuwa hewa ya pwani mara nyingi hupita unyevu wa asilimia 70 na ukungu haungoji zaidi ya hapo.

Kumbukumbu nyingine zisichanganywe na picha. Kipande cha gazeti chenye tangazo la harusi kina asidi na kitaipaka manjano picha iliyo jirani. Barua zikunjuliwe zilale bapa. Leso ya harusi ifuliwe, ikauke kabisa bila wanga, iviringishwe badala ya kukunjwa, kisha ivikwe kitambaa cheupe cha pamba.

Masika yakiingiza maji ndani, usianike picha juani na usizibandue zikiwa kavu. Zitie katika maji safi ya baridi, zitenganishe humohumo, kisha zilaze kivulini uso ukitazama juu. Una kama siku mbili kabla ukungu haujaanza.

Nakala za skana zihifadhiwe zaidi ya pahala pamoja, na moja iwe kwa ndugu aliye mbali, Muscat au Dodoma, kwani mafuriko ya mtaa mmoja hayafiki huko. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama faili, si kama picha, la sivyo zitabanwa na kupoteza ubora. Na kila faili iitwe kwa majina ya waliomo, yaleyale aliyokutajia bibi.