Motokari ni shahidi: tusiichome



Jioni moja kamio iliyobeba mawe ya shaba iligonga mtoto kando ya barabara ya mtaa wetu. Mtoto alikufa palepale. Shofere aliruka chini, akakimbilia kwa polisi. Watu wakakusanyika, wakapiga kelele: "Tuichome! Tuichome!" Mbele polisi hawajafika, kamio ilikuwa moto mtupu. Kati ya waliobeba petroli nilitambua vijana wawili wa kanisa letu.

Nyuma ya siku chache, OPJ aliwauliza wahusika. Shofere alisema: "Freni zilikataa. Patron alijua, nilimwambia." Mwenye kamio akajibu: "Uongo. Freni zilikuwa nzima, yeye alikuwa amelewa." Nani alisema kweli? Fundi aliitwa aangalie freni. Mipira yake yote iliungua; alikuta chuma cheusi tu. Mama wa mtoto aliniuliza: "Baba Pasta, sasa nani atajibu juu ya mtoto wangu?" Nilikosa neno. Shahidi aliyeweza kumjibu, sisi wenyewe tulimchoma.

MOTOKARI INASEMA NAMNA GANI?

Mwaka 1910, Mfaransa Edmond Locard alianzisha maabara ya polisi katika mji wa Lyon. Alifundisha kwamba mtu akigusana na kitu, anaacha alama yake pale, na yeye anaondoka na alama ya kile kitu. Ndani ya motokari alama hizo ni nyingi: vidole juu ya kioo cha kuangalia nyuma, nywele juu ya kiti, udongo wa viatu karibu na freni, nyuzi za nguo, damu.

Kwa hiyo wachunguzi wenye kujua kazi hawakimbilii kufungua mlango. Kwanza wanafunga mahali kwa kamba, watu wakae mbali. Wanapiga picha pande zote, wanaandika namba ya plake na namba ya shasi. Wanapima kiti mbele ya mtu yeyote kukikalia, kwa sababu kiti kilichosogezwa mbele au nyuma kinaonyesha kidogo urefu wa yule aliyeendesha. Wanaanza nje, kisha wanaingia ndani. Kitu chenye damu kinakaushwa, kinatiwa ndani ya karatasi; hakiachwe ndani ya sashe ya plastiki, kwa maana kitaoza. Kila mfuko unaandikwa siku, saa, na jina la aliyeokota. Kila anayeupokea anatia sahihi, ili mbele ya tribunali mtu asiseme: "Mliweka wenyewe."

Hata taa inasema. Balbu yenye uzi ikivunjika inapowaka, ule uzi wa moto unageuka rangi kwa kupata hewa. Ndivyo wanavyoweza kujua kama shofere aliwasha taa usiku ule. Na shofere akigonga mtu na kukimbia, kipande kidogo cha rangi kinachobaki barabarani kinaweza kulinganishwa na rangi ya motokari yake, tabaka kwa tabaka.

KIPANDE CHA CHUMA HUKO NEW YORK

Tarehe 26 Februari 1993, bomu lilipasuka katika parkingi chini ya World Trade Center, yale majengo yaliyoangushwa mwaka 2001. Watu 6 walikufa, zaidi ya 1,000 waliumia. Bomu lilikuwa ndani ya motokari ya mizigo, nayo ikavunjika vipande-vipande. Lakini wachunguzi waliingia katika takataka zile, na nyuma ya siku mbili waliokota kipande cha chuma chenye namba. Namba ile iliwapeleka mpaka kwa kampuni ya kukodisha motokari. Aliyeikodi, Mohammad Salameh, alikuwa amesema imeibwa, tena alirudi kudai dola 400 alizoweka kama dhamana! Alikamatwa tarehe 4 Machi. Mwaka 1994 yeye na wenzake watatu walihukumiwa.

Mtu atasema: "Basi, hata iliyoharibika inasema." Ndiyo, namba iliyochongwa ndani ya chuma inaweza kubaki. Lakini moto unakula vidole, nyuzi na mipira ya freni. Kwa mtoto wa mtaa wetu, hatukutafuta mwenye kamio; tulimjua. Tulitafuta kosa ni la nani, na hilo moto ulilikula.

KANZU YENYE DAMU

Biblia inatuonya pia tusiamini upesi kila tunachokiona. Someni Mwanzo 37. Yakobo alionyeshwa kanzu ya Yosefu yenye damu, akalia siku nyingi. Damu ilikuwa ya mbuzi! Katika Mwanzo 44, kikombe kilikutwa ndani ya gunia la Benyamini, naye hakuiba. Ndiyo sababu Kumbukumbu la Torati 19:15 inadai mashahidi wawili au watatu. Alama inayochunguzwa vizuri inamshika mwenye kosa, na pia inamfungua asiye na kosa. Shofere wetu labda alikuwa na kosa, labda hakuwa nalo. Mungu anajua, sisi tulijinyima kujua.

TUFANYE NINI?

Ajali ikitokea, kwanza tusaidie walioumia. Kisha tusimame mbali na motokari, tuandike namba ya plake, tuite polisi. Tusiioshe, tusiisukume, tusiondoe kitu ndani, hata mzigo uliomwagika. Wazee wa kanisa wasimame pale kuwatuliza watu. Wale vijana wawili walikuja kwangu wakilia. Sasa ni wao wanaowaambia wenzao: "Muiache, iseme."

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Kwa nini hasira yetu inaweza kumsaidia mwenye kosa?
2. Tungemjibu nini yule mama?