Rafiki Hupimwa Pia kwa Furaha

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tumelelewa na methali hiyo, na hakuna mwanasaikolojia atakayeikana. Kasoro ni kwamba wengi tumeifanya kipimo pekee, na kwetu Afrika Mashariki kipimo hicho hakichuji sawasawa. Mtu akifiwa Tandika, Kisauni au Nyamagana, turubai hufungwa, masufuria huazimwa, kamati huundwa, na kundi la WhatsApp la michango hufunguliwa kabla jua halijazama. Majirani watakuja. Wa kazini watakuja. Hata yule mliyenuniana mwaka mzima atakuja kukaa kwenye mkeka, maana asipoonekana atasemwa. Hiyo ni mila ya heshima na tuishike. Ila msiba unaonyesha zaidi jinsi jamii ilivyofunzwa kuliko moyo wa mtu mmoja mmoja.

Moyo wa mtu huonekana siku za kawaida. Huonekana unapompelekea habari njema, anapokusaidia jambo dogo, anapokuona unapotoka, na katika hali unayobaki nayo mkishaagana. Mambo hayo manne yamechunguzwa sana na wataalamu wa uhusiano wa watu, na majibu yao yanatusaidia kumtambua rafiki mwema kabla turubai halijafungwa.

Si suala la kujifurahisha tu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake wa Marekani walikusanya pamoja tafiti 148 zilizofuatilia watu zaidi ya 300,000. Waliokuwa na uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 50, wa kuwa hai mwishoni mwa ufuatiliaji kuliko wale ambao uhusiano wao ulikuwa hafifu. Watafiti hao waliufananisha uzito wa jambo hilo na ule wa kuacha sigara. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani nalo likaunda tume ya uhusiano wa kijamii, ishara kwamba upweke sasa unahesabiwa miongoni mwa masuala ya afya ya umma.

Anaipokeaje habari njema?

Tuchukulie kijana aliyezunguka na bahasha ya vyeti kwa muda mrefu. Leo amepata ajira ya ualimu wilayani Kasulu, na anawaeleza rafiki zake wanne. Wa kwanza anadakia: "Hongera sana ndugu yangu! Hebu nipe mkanda mzima. Usaili ulikuwaje? Unaripoti lini?" Wa pili anasema "Hongera bwana," kisha anarudi kwenye simu yake. Wa tatu anauliza: "Kasulu? Na huo mshahara wa kuanzia utakutosha nini wewe?" Wa nne anaitikia "Ahaa," halafu: "Umesikia Yanga wamemsajili nani?"

Mwanasaikolojia Shelly Gable wa Marekani na wenzake waliyagawa majibu ya watu kwa habari njema katika makundi hayo manne, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004. Walichokiona ni kwamba jibu la kwanza peke yake ndilo lililoendana na uhusiano wenye ukaribu na kuaminiana. Mengine matatu yaliendana na uhusiano dhaifu, na hapo linaingia hata lile la "hongera bwana" ambalo kwa nje halina ubaya wowote. Mwaka 2006 Gable na wenzake wengine walichunguza wapenzi na kuona kwamba namna mtu anavyopokea furaha ya mwenzake ilieleza afya ya uhusiano wao vizuri zaidi kuliko namna anavyompokea akiwa na shida. Tafiti hizo zilitazama zaidi wapenzi na wanandoa, lakini yeyote mwenye marafiki atayatambua majibu hayo manne bila kuelekezwa.

Sababu yake haijifichi. Kumpa mtu pole kunakuweka juu yake kidogo: yeye ameanguka, wewe umesimama. Kumpa hongera ya dhati kunakutaka ukubali kwamba leo yeye ametangulia. Kijicho hakipati nafasi kwenye msiba, kinaipata kwenye harusi, kwenye gari jipya, kwenye mtoto aliyefaulu. Ndiyo maana furaha ni mtihani mgumu kuliko dhiki.

Hapa pana tahadhari. Rafiki anayetaja hatari si lazima awe na husuda. Pengine anaifahamu Kasulu, au ameona wengine wakikwama. Mtazame anaanza na lipi. Mwenye nia njema hufurahi nawe kwanza, na onyo lake hulileta baadaye mkiwa wawili. Mwenye jambo lake huanza na dosari na huishia papo hapo.

Anakusaidiaje?

Mwaka 1981 mtafiti James House alitaja aina nne za msaada ambazo binadamu hupeana: wa hisia, wa vitendo, wa taarifa, na wa kumsaidia mtu ajione na kujipima vizuri. Urafiki mwingi hulegea si kwa kukosa msaada bali kwa kuletewa usiouhitaji. Mama ametoka kugombana na mumewe, anataka sikio. Shoga yake anamfungulia mkutano wa mawaidha. Mwingine ameachishwa kazi, anataka kuunganishwa na mtu wa kumpa kibarua; swahiba wake anamwambia "Mungu yupo" na kumwacha hapo. Rafiki mwema huuliza kabla ya kutenda: "Nikusikilize tu, au tutafute njia?" Swali hilo moja huepusha ugomvi mwingi.

Kisha kuna stara. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanandoa na wapenzi wa Marekani ambao mmoja wao alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa uwakili wa jimbo la New York. Kila siku wote wawili waliandika: mmoja msaada alioutoa, mwingine msaada alioupata. Ilionekana kwamba msaada uliowapunguzia watahiniwa huzuni ni ule ambao mtoaji aliuandika na mpokeaji hakuutambua kabisa. Msaada aliouona waziwazi uliweza hata kumzidishia unyonge, kwa kuwa ulimkumbusha kwamba amezidiwa na kwamba sasa anadaiwa.

Wazee wetu wasingeshangaa. Anayekutumia nauli kisha akaitangaza kijiweni amekupunguzia hatua za miguu na kukuongezea aibu. Anayesema "twende, nami naelekea upande huo," akalipia wawili bila kugeuza shingo, amekusaidia na amekusitiri. Masimango hugeuza fadhila kuwa deni lisilolipika. Kwa hiyo kipimo cha pili hakiishii kwenye kiasi alichotoa. Kinauliza kama bado unaweza kumtazama machoni baada ya kupokea.

Anakurekebishaje?

Wapo wanaodhani rafiki mwema ni yule anayewakubalia kila kitu. Amanda Rose wa Marekani alichunguza urafiki wa watoto na vijana na mwaka 2002 akaeleza tabia ambayo wengi wetu tunayo: marafiki wawili kukaa na kulichokoa tatizo lilelile, leo na kesho, bila kusogea hatua moja. Katika tafiti zake, tabia hiyo iliwafanya marafiki wakaribiane zaidi. Wakati huohuo, kwa wasichana iliambatana na kuongezeka kwa huzuni na wasiwasi. Ukaribu peke yake, basi, si ushahidi wa urafiki wenye faida. Mnaweza kupendana sana na kuzamishana.

Anayekufaa atakusikiliza hadi uchoke kusema, halafu atakuuliza: "Sasa tunafanyaje?" Ukikosea atakuambia. Atakuambia pembeni, kwa sauti ya kawaida, na hatapeleka kosa lako kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 80. Akisema neno limemtosha. Hatalirudia kila mnapokutana.

Usikilizaji wa namna hiyo hufundishika, na mfano mzuri uko hapahapa Afrika. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mradi wa Friendship Bench katika mtaa wa Mbare, Harare, akiwa na mabibi 14. Walifunzwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki pamoja na mtu aliyelemewa na mawazo, kumsikiliza bila kumhukumu, kisha kumsaidia achague tatizo moja tu na kulitafutia hatua anayoiweza yeye mwenyewe. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kitabibu lililohusisha watu 573: waliokaa na wasikilizaji hao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida ya kliniki. Kama bibi asiye na shahada ameweza, nasi tunaweza. Ila rafiki si daktari. Mwenzako akianza kusema kwamba hataki tena kuishi, usimwache peke yake, mpeleke hospitali.

Mkishaagana, unabaki vipi?

Kipimo cha nne kimo mwilini mwako. Mwaka 2003 Holt-Lunstad na Bert Uchino, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti wa watu waliovalishwa vifaa vya kupima shinikizo la damu huku wakiendelea na shughuli zao. Presha ilipanda zaidi walipokuwa na watu wanaowapenda nusu na kuudhika nao nusu kuliko hata walipokuwa na watu wasiowapenda. Maelezo yenye mantiki ni kwamba adui umeshamjulia na umejikinga. Huyu mwingine hujui leo amekuja na sura ipi: ya kukukumbatia au ya kukutania mbele za watu mpaka ukose pa kuweka uso.

Jichunguze basi mkishaachana. Je, unarudi nyumbani umetulia, au njia nzima unajiuliza alimaanisha nini? Siri uliyompa mwezi uliopita bado iko kwake, au umeisikia saluni? Ukimwambia "hapana" anaipokea, au ananuna mpaka umwombe radhi? Rafiki yeyote anaweza kukuudhi siku moja. Ukiona hali hiyo inajirudia bila kukoma, ichukulie kwa uzito.

Si wote waingie chumbani

Baada ya vipimo vyote hivyo, msomaji anaweza kuanza kufuta namba za simu. Asiharakishe. Mwanaanthropolojia wa Uingereza Robin Dunbar anakadiria kwamba mtu huweza kuwa na uhusiano wa maana na watu wapatao 150, na ndani yao mna tabaka: kama 50 wa kawaida, 15 wa karibu, na takriban watano tu wa ndani kabisa. Urafiki una mpangilio kama nyumba ya Mswahili: wapo wa barazani, wapo wa ukumbini, na wapo wachache wa chumbani. Wa barazani ana haki ya salamu, kahawa na mzaha. Hana kosa akishindwa kubeba siri zako, na kosa ni lako ukimpa. Aristotle aliliona hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alipotofautisha marafiki wa manufaa, marafiki wa starehe, na marafiki wanaopendana kwa tabia zao njema. Hakusema wale wa kwanza ni wabaya. Alisema urafiki wao huvunjika upesi, kwa kuwa manufaa au starehe ikikoma, nao umekoma.

Aliyefeli vipimo vya chumbani mara nyingi hahitaji kutimuliwa, anahitaji kurudishwa ukumbini au barazani. Mpunguzie siri, msipeane mikopo, salamu ziendelee. Wa kuachana naye kabisa ni yule anayekutisha, anayekutenga na ndugu zako, au anayetumia siri yako kama fimbo.

Wala wa chumbani hapatikani kwa haraka. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, kwamba watu huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili wavuke kutoka kujuana hadi urafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Saa hizo hazijazwi kwa kutumiana picha za "asubuhi njema". Hujazwa kwa kula pamoja, kusafiri pamoja, kusaidiana kuhama nyumba, na kukaa tu bila ajenda.

Linabaki jambo moja ambalo wapima marafiki hulisahau. Mwaka 2016 watafiti waliwauliza wanafunzi 84 waliosoma darasa moja nani ni rafiki wa nani. Katika asilimia 94 ya urafiki waliodai kuwa nao, walitarajia kwamba mwenzao naye angewataja. Aliyewataja kweli alipatikana katika asilimia 53 tu. Huenda hata kwako kuna mtu anayekuita rafiki wa chumbani, nawe humwoni hata ukumbini.

Kwa hiyo vipimo hivi vianzie kwako. Wiki hii mtu akikuletea habari njema, weka simu chini, mpe hongera inayosikika, muulize maswali mawili, na umwache amalize kusimulia. Hakuna mchango wa kundini unaojenga urafiki kuliko usikilizaji huo, nao hauna gharama.